Nanaa kwenye matuta ya kuazima: jinsi nilivyokaribia kumpotezea mama yangu shamba kwa ajili ya kikombe cha chai

"Wewe mwenye ulisoma, niambie: hii majani inakufaka siku gani?"

Niliulizwa swali hilo nikiwa nimesimama kwenye matope, jembe mkononi, mama yangu akiwa pembeni. Nina licence, yaani shahada, ya sheria. Haikunisaidia.

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa kimya humu, nikichekelea matatizo ya wenzangu. Leo nalipa deni. Yote nitakayoandika yalitokea, isipokuwa majina, ambayo nimeyabadilisha kwa sababu wahusika wanaishi hatua chache kutoka kwangu na mmoja wao ana ulimi mkali kuliko wangu.

Waliokuja kutafuta uzi wa mapenzi wapite tu. Huu ni uzi wa mboga.

Mama yangu analima lenga-lenga. Nyie wa Dar mnaiita mchicha. Ana matuta sita nyuma ya nyumba yetu, marefu, yaliyonyooka, mazuri kuliko barabara nyingi za mji huu.

Lenga-lenga hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nilipokuwa nimelala, Mama alikuwa sokoni na mafungu yake. Nilipokuwa najifunza maana ya umiliki kwa Kifaransa, Mama alikuwa anamwagilia. Nasema haya mapema ili mpime vizuri ukubwa wa ujinga unaofuata.

Ardhi yenye matuta hayo si yetu. Ni ya jirani, Mama Véro, mjane kutoka zile familia za wavuvi wa kwenye maporomoko ya mto. Wanawe wanavua, yeye ana kiwanja kikubwa na macho yasiyolala. Alimwazima Mama ukanda ule miaka mingi iliyopita. Mama hatoi kodi. Kila akivuna, Mama humpelekea mafungu mawili ya mboga, wanasalimiana, basi.

Sharti lilikuwa moja tu: "Panda kitu yenye inaisha."

Lenga-lenga inaisha. Baada ya wiki chache unaing'oa, udongo unabaki uchi, mwenye ardhi anapita, anaona udongo wake, anarudi kulala kwa amani. Nyanya zinaisha. Lakini mgomba haumaliziki. Hata mpilipili hauruhusiwi, kwa sababu unaweza kukaa miaka. Kwetu, mtu akipanda kitu kinachokaa kwenye ardhi aliyoazimwa, ameshasema bila kufungua mdomo: mimi siondoki.

Mimi, bila shaka, nililiona sharti hilo kuwa la kizamani. Nani aliitunga hiyo sheria? Kifungu gani? Nilisoma miaka mitano na sikukutana na kifungu cha mpilipili.

Mnaona tunakoelekea.

Basi Mama akashuka na boti kwenda Isangi kwenye matanga ya shangazi yake. Nikaachiwa matuta. Maagizo yalikuwa mwagilia, palilia, usibuni kitu. Nilimwagilia.

Siku hizo nilikuwa naangalia video za mama mmoja mwenye jiko jeupe lisilowahi kukaangiwa samaki. Kila asubuhi alikuwa anachuma nanaa dirishani, anaitia kwenye chai, anaitazama bustani yake na kutabasamu kama mtu asiye na ndugu. Nikasema, na mimi ni mtu. Nikanunua fungu la nanaa sokoni, kwetu tunasema menthe. Nikanywa. Mashina yaliyobaki nikayaweka kwenye glasi ya maji.

Siku chache baadaye yakaota mizizi. Nikayaonea huruma. Wakuu, msomi asiye na kazi akianza kuona huruma, kaeni mbali.

Nilichukua shina moja nikalipanda kwenye kona ya tuta la sita. Nilijiuliza, je, nanaa inaisha? Nikajijibu, ni kajani ka chai. Huo ndio ulikuwa utafiti wangu wote.

Mama akarudi. Hakuwa hata ameshusha mzigo.

"Hii ni nini?"

"Menthe, Mama. Ya chai."

"Inaisha?"

"Kila kitu kinaisha, Mama."

Nilihitimu sheria, lakini siku hiyo nilihamia kitivo cha falsafa.

Mama alichuma jani, akalinusa. Halafu akaonja chai. Akaomba kikombe cha pili. Kaka yake, tonton Dido, ambaye hututembelea kila Jumapili baada ya misa, kwa bahati tu ndio wakati tunapokula, alikunywa vitatu. Kwa hiyo nanaa ilipata kibali cha kuishi, kilichotolewa na watu wasio na mamlaka hayo.

Sasa niwape somo ambalo mama wa jiko jeupe hakunipa. Nanaa haikui kwenda juu. Huko juu inakuonyesha adabu tu. Kazi yake halisi iko chini, ambako inatuma nyuzi nyeupe kama tambi, kila upande, na kila baada ya vidole viwili uzi una kifundo, na kila kifundo ni mmea mpya unaosubiri zamu. Weka juu yake mvua ya Kisangani, ambayo haijui likizo.

Mama alipokuja kupanda tena, tuta la sita lote lilikuwa nanaa. Lenga-lenga zilichomoza katikati yake kama wageni waliokuja kuomba mahali pa kulala.

Nikachukua jembe.

Nililima lile tuta kwa hasira zote za mtu aliyetuma barua za kazi na hakujibiwa. Nilikatakata juu, nikakatakata chini, nikasawazisha, takataka nikazitupa kwenye njia kati ya matuta. Likawa safi. Mama akanisifu. Nikajipiga hata picha.

Baada ya wiki mbili nanaa ilikuwa kwenye matuta matatu na kwenye njia zote.

Kwa nini? Kwa sababu kila kipande nilichokikata kilikuwa na kifundo chake. Sikuiua nanaa moja, nilizalisha nanaa mia na kuzisambazia udongo laini. Nilifanya kazi ya mkulima bora wa nanaa katika mkoa mzima wa Tshopo, na bure.

Hapo ndipo Mama Véro alipopita.

Alisimama mwisho wa tuta la nne. Akavuta hewa puani.

"Mama Furaha," alimwita mama yangu, "hii ni nini yenye inanuka dentifrice?" Yaani dawa ya meno.

"Ni menthe, Mama Véro. Mutoto ndiye alipanda. Kidogo tu, ya chai."

"Chai ya nani? Ya kambi ya askari?"

Mama akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba radhi. Mama Véro hakucheka. Aliinama, akang'oa shina, likakatika mkononi, akatazama mahali lilipokatikia. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza lile swali la hapo juu. Inakufaka siku gani, yaani hufa lini.

Wakuu, mtu mwenye akili angesema "samahani mama, naiondoa." Ni maneno matatu. Lakini mimi kimya kinaniumiza. Mtu akiniuliza kitu nisichokijua, najibu kitu ninachokijua.

"Mama Véro," nikasema, "ukiangalia vizuri, kisheria udongo ni mali ya Serikali. Wewe una haki ya kuutumia tu. Kwa hiyo..."

Sikufika baada ya hiyo "kwa hiyo". Nilimwona Mama amefumba macho.

Fikirieni upande wa Mama Véro. Mjane amemwazima mtu ardhi kwa sharti moja. Anakuta mmea usiokufa umeshika nusu ya ukanda. Anauliza kwa upole. Na binti wa aliyeazimwa, mwenye licence ya sheria, anamwambia kwamba ardhi si yake. Hata mimi ningeniogopa.

"Ah bon," alisema Mama Véro. Taratibu kabisa. "Donc, kwa hiyo, udongo si yangu tena." Akamgeukia Mama. "Mama Furaha, ulimutuma huyu université ajifunze kuninyang'anya?"

"Mama Véro, haki ya Mungu, huyu hana akili..."

"Akili anayo. Ndiyo naogopa." Akalitupa shina la nanaa. Mimi nikaliokota mbio, maana nilikuwa nimeshaanza kuelewa mambo ya vifundo. "Lenga-lenga yenye uko unapanda leo, siku utaing'oa, nitakuja. Nikikuta hata jani moja ya dentifrice, platebande zote, hii matuta yote, zinarudi kwangu. Tumeelewana?"

Walielewana. Mama alikuwa amepanda asubuhi hiyo kwenye matuta matatu ya kwanza, yale safi. Tulikuwa na wiki nne.

Mama hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliingia ndani, akatoka na birika, akamwaga chai yote ya nanaa uani, nje ya matuta, na akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwezi ujao utatupikia article, hivyo vifungu vyako vya sheria."

Halafu hakunisemesha siku tatu.

Kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nikatafuta ushauri, na ushauri ukaja bila kuitwa. Tonton Dido alikuwa zamani dereva wa lori la kwenda Bengamisa, na ni mtaalamu wa kila kitu kisichomhusu.

"Chumvi," alisema. "Chumvi inaua hata konokono."

Mimi, ninayehoji kila kitu, niliyewahi kumhoji padri kuhusu Nuhu na mchwa walioingia kwenye safina ya mbao, sikuhoji hata neno moja. Nikamwaga chumvi tuta la sita.

Zile lenga-lenga chache zilizochipua tena humo zilikufa kwanza, kwa heshima, ndani ya siku mbili. Nanaa ikawa ya njano. Ikafikiri. Kisha mvua kubwa ikanyesha na ikachipua upya kutoka chini, kijani kibichi, kama mtu aliyetoka likizo. Tuta lenyewe halikuotesha kitu cha maana kwa muda mrefu baada ya hapo. Tonton alipoliona alisema labda nilitumia chumvi isiyo sahihi.

Siku ya nne nilikuwa nimepiga magoti tuta la tano, nang'oa mashina kwa kuyavuta juu, yanakatika moja baada ya jingine. Nilihisi mtu nyuma yangu. Mama alichuchumaa, hakunitazama. Akaingiza vidole kwenye udongo pembeni ya shina, akautikisa kidogo, akavuta polepole kwa upande, siyo juu. Ukatoka uzi mweupe. Akaendelea kuufuata, anafukua, anaufuata, mpaka mwisho. Ulikuwa mrefu kama mkono wangu na haukukatika.

"Usikate," alisema. "Fuata."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu siku ya birika, na ndilo somo bora la kilimo nililowahi kupata. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia mapema, alisema, "Uliuliza?"

Basi tukafuata.

Tulifanya hivi. Tulisubiri mvua ilainishe udongo. Tonton akaazima uma wa shambani, ule wa meno manne, maana jembe na sepeto vinakata na uma unainua tu. Tuliinua udongo kidogo kidogo, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kila uzi tuliufuata mpaka kwenye ncha. Ukikatika, tulifukua mpaka tupate kipande kilichobaki. Kila kitu kiliingia kwenye beseni, hata kipande kidogo kama njiti ya kiberiti. Hakuna kilichowekwa chini. Mabeseni yalipojaa, tonton alipanda ngazi na kuvimwaga vitu vyote juu ya bati la jiko, vikaukie jua mpaka vivunjike ukivigusa.

Msijidanganye kwamba ilikuwa kazi ya siku moja. Nilitumia wiki tatu nikiwa nimeinama. Nilitengua njia zote na kuzijenga upya. Nilipata nanaa chini ya jiwe. Nilipata nanaa ndani ya mzizi wa nanaa nyingine. Kila jioni niliapa kwamba imekwisha, na kila asubuhi kulikuwa na masikio mawili ya kijani yananitazama.

Nikiwa huko chini nilipata pia muda wa kufikiri, jambo ambalo sikulifanya kabla ya kupanda. Niligundua kwamba lile sharti la kizamani lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko mikataba mingi niliyoisoma darasani. Maneno manne. Hayana mianya. Mwanya ulikuwa mimi.

Tulibakiza shina moja tu. Tonton ndiye aliyeliombea msamaha, kwa sababu za chai. Nikakata bidon la njano, yaani dumu, nikatoboa vitundu chini, nikalipanda humo, na bidon nikaliweka kwenye saruji ya barza, yaani baraza yetu. Juu ya saruji, wakuu, siyo juu ya udongo. Mizizi ina akili ya kutokea kwenye vitundu.

Siku ya kung'oa lenga-lenga ikafika. Mama alianza mapema. Mama Véro alikuja wakati mafungu ya kwanza yalikuwa yanaoshwa, amevaa pagne safi ya kitenge, kama anaenda ofisini.

Hakusalimia sana. Alianza tuta la kwanza, akatembea polepole, ameinamisha kichwa. La pili. La tatu. Alipoingia la nne nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye fungu alilokuwa ameshika Mama. Mama alikuwa hajui kwamba bado amelishika.

Tuta la tano alisimama.

Nililiona wakati mmoja na yeye. Ukingoni, chini kabisa, majani mawili madogo kuliko kucha.

"Iko moja," alisema Mama Véro.

Sasa, kichwani mwangu kulikuwa na hoja nne, mbili kati yake za Kilatini. Ningeweza kubishana kwamba "jani moja" si "majani mawili". Ningeweza kuuliza kama mkaguzi ana haki ya kukagua kabla ya mavuno kumalizika. Nilimtazama Mama. Alikuwa anatazama matuta, siyo mimi, kama mtu anayeagana na kitu stesheni.

Nikapiga magoti. Nikaingiza vidole pembeni, nikatikisa, nikavuta kwa upande, nikafuata. Uzi ulikuwa mrefu kama kalamu. Ulitoka mzima mpaka kwenye ncha. Nikauweka kwenye kiganja cha Mama Véro.

"Haikufi yenyewe, Mama Véro," nikasema. "Uliniuliza, sikujua. Haikufi. Mutu ndiye anaiuaka. Nitakuwa nakuja hapa kila asubuhi."

Aliugeuza ule uzi mkononi.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hata siku utapata kazi?"

"Mama Véro, na kazi yenyewe iko wapi?"

Alijaribu kujizuia, nikaona mdomo unacheza. Kisha akacheka, kicheko kikubwa cha watu waliokulia karibu na maji yenye kelele. Mama akaweka fungu chini na kufuta macho kwa kiwiko, akisingizia jasho.

"Bon," alisema Mama Véro. "Mama Furaha, panda. Kitu yenye inaisha."

"Yenye inaisha," Mama akaitikia.

Akaondoka hatua chache, akageuka. "Na ile yenye iko ndani ya bidon, kwa barza yenu?"

"Haigusi udongo, Mama Véro. Iko juu ya saruji."

"Niliona. Utanikatia shina moja, nami nipande." Akanitazama vizuri. "Kwangu mimi, naweza kupanda kitu yenye haiishi."

Nilijaribu kumshauri kuhusu bidon. Akasema yeye hapokei mashauri kwa watu waliotia chumvi kwenye mboga kabla ya kuing'oa.

Nilichojifunza, wakuu, kwa wale wanaopenda kuruka mpaka mwisho:

Nanaa usiipande kwenye tuta la mboga, hata shina moja, hata kwa huruma. Ipande kwenye chombo, na chombo kikae juu ya kitu kigumu. Chombo kikikaa kwenye udongo, angalia chini yake mara kwa mara, na matawi yanayoning'inia nje ya ukingo yakate kabla hayajagusa ardhi. Ikishatoroka, weka jembe mbali na tafuta subira, ambayo mimi nililazimika kuiazima kwa Mama.

Na kama ardhi ni ya kuazima, muulize mwenye ardhi kabla ya kumuuliza mwenye video. Ukiulizwa swali usilolijua, jibu ni "sijui". Hilo halifundishwi mwaka wa kwanza wala wa tano.

Nimemaliza. Kama na wewe umewahi kushindwa na mmea wenye sura ya upole, shuka hapo chini useme ulikuwa mmea gani na ulitumia nini. Wa chumvi tujuane, tusionee aibu. Wanaojua dawa ya mchaichai uliokomaa waseme pia, kuna jirani wa upande wa pili mwenye kichaka chake, ameanza kunitazama kwa matumaini.

NYONGEZA: Nimerudi baada ya muda mrefu, uzi huu bado watu wanauliza habari za matuta. Mama bado analima. Mimi nilipata kazi kwenye ofisi ya wakili, na asubuhi bado napita kwenye matuta kabla ya kwenda. Juzi Mama Véro alikuja ofisini na bahasha, anataka kiwanja chake kipate hati. Mimi ndiye niliyepewa kuandika historia ya kiwanja, nikamuuliza familia ya mumewe ilikipataje. Alifunga mlango kwanza. Akaniambia yote, halafu akasema, "Hiyo usiandike ku karatasi." Sikuiandika kwenye karatasi, na aliponiruhusu kuwasimulia nyie alisema mradi nisimtaje kwa jina lake halisi.

Hakikununuliwa. Baba mkwe wake aliazimwa pale kipande, apande mahindi ya msimu mmoja. Alipanda miti mitatu ya safou, mti wa matunda unaokaa vizazi.